Kifuniko Kilichowekewa Jiwe

Pingu ilikuwa mguuni. Mikono ya Rehana yote miwili ilikuwa imezungushiwa bendeji mpaka viwikoni, haifungiki, basi mwenye akili zake akatafuta pengine pa kumfungia, akaupata mguu. Inspekta Ikupa alisimama mbele ya kitanda, akautazama mguu ule wenye hina iliyofifia, akaufuata mnyororo kwa macho mpaka kwenye chuma cha kitanda. Kisha akamgeukia Koplo Lugano.

"Nani kamfunga huyu?"

"Mimi, afande. Agizo la mkuu. Mzee Asajile alisema anaweza kutoroka."

"Kutoroka. Mlango angeufungua kwa meno?"

Lugano alikohoa, akatazama dirishani. Mama yake Rehana alikuwa akimnywesha binti yake uji kwa kijiko, na hakuinua uso. Alikuwa amekwisha kulia mpaka machozi yamemwishia, hakuwa na haja ya kutazama askari.

Siku moto ulipowaka, Ikupa alikuwa Kinyala akifuatilia ng'ombe walioibwa. Aliporudi alikuta mambo yamekwisha kuamuliwa bila yeye. Chumba cha nyuma cha karakana ya Asajile, hapo hapo Tukuyu mjini, kimeungua. Aliyeungua nacho ni fundi wake, Rehana. Na aliyekichoma, eti, ni Rehana huyo huyo, kwa sababu alinusa kwamba atapunguzwa kazi. Jalada lilikuwa liende mahakamani mchana ule ule. Kuchoma jengo kwa makusudi si kosa la kulipa faini ukaenda zako. Mtu anaweza kuzeekea gerezani. Na jalada lenyewe ukilifungua, hamna kitu: picha chache na maneno ya Asajile, basi. Binti wa watu alikuwa anaangushiwa jumba bovu, na waliokuwa wakilisukuma wamevaa sare kama yake. Jambo hilo lilimkaa Ikupa kooni kama mwiba wa samaki.

"Shikamoo, afande," Rehana alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Ya wengine nimeyasoma. Niambie wewe."

"Nilifika kazini asubuhi. Nikasikia harufu ya asetoni tangu uani. Kuingia chumba cha nyuma, nikakuta sufuria kubwa juu ya jiko la umeme, koili nyekundu. Nilijua kilichomo. Nikakimbia kuiondoa, macho yangu kwenye koili tu. Nilipoigusa tu, moto ukatoka pembeni ukanishika mikono."

"Nani aliiweka?"

"Wallahi sijui. Mimi situmii sufuria. Wala jiko sikuwahi kuliingiza mle ndani."

Ikupa aliijua kazi yake, maana mji mzima uliijua. Karakana ile ilikuwa na mashine inayochapa vitu vya plastiki, tabaka juu ya tabaka, na Rehana alichapa vidole vya bandia kwa watu waliokatwa vidole na mashine za mbao na za chai. Kidole kikitoka mashineni kina mistari mistari kama mkeka. Ukikivaa hivyo kinakuchubua ngozi. Dawa yake ni mvuke wa asetoni, ile ile wanayoondolea rangi ya kucha. Unakiweka kidole ndani ya chombo chenye mvuke huo, mistari inalainika, kinatoka laini kinang'aa. Tabu ni kwamba mvuke huo unadaka moto kuliko petroli. Kwa hiyo chombo ndiyo kazi yenyewe.

Mlango ulifunguliwa, akaingia Asajile na chupa ya juisi na pakiti ya biskuti. Nje manyunyu yalikuwa hayajakatika tangu alfajiri na kila mtu hospitalini alikuwa ndani ya sweta au koti, lakini yeye alivaa shati lake jeupe lenye nembo ya karakana, la kupokelea wageni, mikono ameikunja mpaka juu ya viwiko.

"Ugonile, Inspekta," alisalimu kwa Kinyakyusa.

"Ndaga. Umemletea mgonjwa biskuti."

"Huyu nimemlea kama binti yangu. Roho inaniuma." Akaziweka biskuti juu ya kabati dogo la kitanda. "Lakini sheria ni sheria."

"Na binti yako ukaomba afungwe mguu."

"Mimi nilishauri tu."

"Asubuhi ile ulikuwa wapi?"

"Kisondela, kwenye maparachichi yangu. Niliondoka kabla hakujapambazuka. Nilipigiwa simu huko huko shambani."

"Na sufuria ni ya nani?"

"Yake. Vyombo vyote vya kazi ile alinunua mwenyewe, kwa Mrisho, pale sokoni. Kamuulize." Akatikisa kichwa kwa huruma nyingi. "Mimi mambo ya vyombo nitayajulia wapi, mama? Mimi jikoni siingii."

Rehana alifumba macho. Mama yake akachota uji kijiko kingine.

Chumba cha nyuma kilikuwa kimebaki kuta na mabati yaliyojikunja. Ikupa alichuchumaa pale jiko la umeme lilipokuwa. Sufuria ilikuwa bado hapo, nyeusi tititi, imelala ubavu, maana majirani waliokuja na mchanga waliipiga teke. Kifuniko kilikuwa kimeng'ang'ania mdomoni. Sikio moja la sufuria lilikuwa limevunjika siku nyingi, likafungwa waya. Kando palikuwa na jiwe la ukubwa wa papai.

"Jiwe la kuzuilia mlango, afande," Lugano alisema. "Tuliliandika hivyo."

"Nani aliwaambia?"

"Mzee Asajile."

Ikupa aliligeuza. Upande wa juu ulikuwa na masizi, wa chini ulikuwa safi. Akaivuta sufuria, akaisimamisha, akapangusa kifuniko kwa kidole bila kugusa katikati. Masizi yalikuwa kila mahali isipokuwa duara moja katikati, jeupe la alumini. Akalichukua jiwe akaliweka juu ya duara lile, likakaa pale pale.

"Mlango gani huo unazuiliwa juu ya kifuniko?"

Lugano alifungua daftari lake. Wino wa maelezo yake ulikuwa haujakauka vizuri, na sasa ulimwaibisha.

Ikupa alikibandua kifuniko kwa kisu, polepole. Kilikuwa kimeshikwa na kitu. Upande mmoja kitu hicho kilikuwa jivu tupu, na hapo ndipo moto ulipotokea. Upande wa pili kulibaki kipande cha ukubwa wa kiganja kizima, kahawia, kimebanwa kati ya kifuniko na ukingo. Alikitoa kwa vidole viwili, akakinusa mara mbili.

"Nini, afande?"

"Wewe umezaliwa wapi, Lugano?"

"Hapa hapa Tukuyu."

"Mama yako hapiki ndizi?"

Lugano akainama, akatazama vizuri. "Jani la mgomba."

"Limekunjwa mara mbili na halijachanika. Jani bichi ukilikunja hivi linapasuka. Hili limebabuliwa kwanza motoni likalainika, ndipo likafunikiwa, kisha juu likawekwa jiwe ili mvuke usitoke. Hivi ndivyo kwetu ndizi zinavyoivishwa. Mtu kapika asetoni kama anapika ndizi." Alisimama, magoti yakamlia. "Na anamsingizia mtoto wa watu."

Kwenye rafu ya ukuta wa mbali, ambako moto haukufika, kulikuwa na mtungi wa kioo wenye mdomo mpana. Kifuniko chake kilikaa juu tu, hakikukazwa. Ndani, juu ya kichanja cha waya, kilisimama kidole kimoja cha plastiki, laini. Ikupa aliubeba mtungi ule kwapani mpaka sokoni.

Mrisho muuza vyombo aliutambua kabla hajasalimiwa.

"Huo ni wa Rehana. Mtungi ulionitoa jasho huo, Inspekta."

"Kwa nini?"

"Yule binti alichagua chombo kama watu wanavyochagua mchumba. Alikuja na kichupa cha asetoni. Nikamtolea hiki cha plastiki angavu, kizuri, wateja wanakigombea. Akadondoshea tone. Kikapofuka hapo hapo, kikanata. Nikamwambia, dada, unaniharibia biashara. Akasema, bora kiharibike hapa kuliko kwangu."

"Sufuria hakununua?"

"Sufuria nilimpa mimi mwenyewe, mpya, na mfuniko wake. Akaikataa. Alisema humo ndani haoni kitu, atakuwa anafunua kila saa kuchungulia na mvuke unamwingia kifuani. Anataka kioo. Nikamletea mtungi wa kufunga kwa kukaza. Akaukataa pia!" Mrisho alicheka, kisha akakumbuka hospitali, kicheko kikamfia. "Anataka kifuniko cha kukaa, si cha kukaza. Alisema mvuke ukibanwa unatafuta njia wenyewe. Hata huu ulikuwa na mpira wa kubana pembeni, aliung'oa akaniachia hapa hapa."

"Na jiko? Aliwahi kuulizia jiko?"

"Jiko! Alinizuia mimi nisiwashe sigara nje ya duka akiwa na kile kichupa."

Ikupa alishukuru. Alipotoka, Lugano alikuwa amepata wazo, na uso wake uling'aa kwa matumaini ya mtu anayetaka kufuta kosa lake kwa haraka.

"Afande, sufuria kubwa yenye sikio la waya, majani yamebabuliwa, jiwe. Huyo ni mpishi. Pale karakana kuna mama anawapikia mafundi, Agness. Tukamkamate?"

"Juzi ulikamata kwa kuambiwa. Leo unataka kukamata kwa kubahatisha." Lakini moyoni Ikupa alikiri kwamba njia ilielekea huko, na hakuipenda.

Jiko la Agness lilikuwa kibanda cha mabanzi nyuma ya karakana, na migomba yake ilianzia mlangoni. Mama mwenyewe alikuwa mtu mzima, mfupi, kanga kiunoni juu ya sweta la kiume. Alikuwa akichochea mkaa chini ya sufuria ndogo.

"Ugonile, mama."

"Ndaga, mwanangu. Kalibuni. Lakini chakula kitachelewa, napikia kasufulia haka. Sufulia yangu kubwa mliichukua nyie polisi."

Ikupa na Lugano walitazamana.

"Yenye waya sikioni?"

"Hiyo hiyo. Waya nilifunga mimi."

"Mama, sufuria yako ndiyo iliyomuunguza Rehana."

Agness aliacha kuchochea. Alikaa chini juu ya kigoda taratibu, akaweka mkono kifuani. "Mimi nilijua mmeichukua kwa kuchotea mchanga," alisema.

"Ilifunikwa kwa majani ya mgomba, na jiwe juu."

"Jiwe?" Mama alikunja uso, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa kali. "Mimi siweki jiwe. Tazama." Alionyesha sufuria iliyo motoni: majani yamekunjiwa ndani kuzunguka ukingo, moja juu ya jingine, mfuniko umekaa kwa utulivu. "Ukikunja hivi mvuke hauendi popote. Jiwe ni la mwanaume. Mwanaume hana subila ya kukunja jani, anatupia jiwe juu anakwenda zake."

"Asubuhi ile mwanaume gani alikuja hapa jikoni?"

Agness alianza tena kuchochea mkaa. Asajile alikuwa mtoto wa shemeji yake, na ndiye aliyempa kazi ile ya kupika. Mkaa ulilia, manyunyu yakapiga mabati.

"Bosi," alisema mwishowe. "Alikuja na kisu, akakata jani kwenye mgomba ule pale. Akalibabua hapa hapa kwenye mkaa wangu. Nikamwambia, baba, niachie nikusaidie, utajichafua. Akakataa. Akasema anafungia mzigo wa kupeleka Kisondela. Nikaenda kisimani. Nilipoludi, yeye hayupo. Sufulia nilikuja kuikosa baada ya moto."

"Mama, kwa nini hukusema?"

"Kwa nani? Askali walikuja, wakapiga picha, wakakaa hapa wakanywa chai yangu, wakaondoka. Hakuna aliyeniuliza."

Lugano alikuwa mmoja wa waliokunywa ile chai. Ikupa alimtazama tu, na ilitosha. Kisha akautazama mgomba uliokatwa jani. Pale kisu kilipopita, utomvu ulikuwa umechuruzika ukakauka, wa kahawia kama kutu.

"Mama Agness, zima jiko. Twende Makandana wote, hospitalini."

Walimkuta Asajile kwenye benchi la korido, akisubiri kusikia jalada limekwenda mahakamani. Ikupa alimwomba aingie wodini. Aliingia bila wasiwasi, mpaka alipomwona Agness amesimama kando ya kitanda cha Rehana na kanga yake imelowa.

"Mzee Asajile, husikii baridi?" Ikupa aliuliza.

"Nimezoea."

"Kunjua mikono ya shati."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimekuomba kwa heshima. Mara ya pili sitaomba."

Aliikunjua. Mkono wa kushoto ulikuwa safi. Wa kulia, kuanzia kifungo mpaka karibu na kiwiko, ulikuwa na madoa ya kahawia iliyokolea, yale ambayo kila mama wa Rungwe anajua kwamba hayatoki kwa sabuni wala kwa jik ya kung'arishia nguo.

"Utomvu wa mgomba," Ikupa alisema.

"Basi? Wilaya nzima hii ina utomvu wa mgomba. Ni wa zamani huo, na shati la wageni ninalo hili tu."

"Kweli, na kwa utomvu peke yake nisingekugusa. Uliniambia jikoni huingii. Uliniambia uliondoka kabla hakujapambazuka. Uliwaambia askari jiwe ni la mlango. Uliniambia sufuria ni ya Rehana. Ilikuwa ya nani?"

Asajile alimgeukia Agness, akaanza kumwambia kitu kwa Kinyakyusa, haraka haraka na kwa upole, vile mtu anavyomkumbusha ndugu yake mambo ya ukoo. Agness alimwacha amalize.

"Nitajibu kwa Kiswahili," alisema, "ili mama wa huyu mtoto asikie. Sufulia ni yangu, baba. Na jani ulilibabua kwenye mkaa wangu. Mimi nilikuona."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha kutafuna.

Asajile alikaa kwenye ukingo wa kitanda tupu. Alipoongea tena hakuwa bosi wa mtu. "Wageni wa Dar walikuwa wanakuja siku ile. Nimewaahidi vidole sanduku zima. Yeye na kijimtungi chake, vidole viwili vitatu kutwa nzima, anakaa anavitazama kwenye kioo. Mimi nilitaka viive upesi tu. Nikavipanga sufuriani, nikafunika, nikaenda kunywa chai barabarani. Sikujua kitu kile kina hasira namna ile."

"Hukujua," Ikupa alisema. "Ungesema hivyo siku ile ile, ingekuwa ajali, na mimi ningekuja hapa kukupa pole. Mtu anakosea. Lakini wewe ulisimama ukamwona binti anabebwa mikono imechunika, aliyekimbilia sufuria yako ili karakana yako isiungue, ukapiga hesabu ya nani wa kumtupia. Ukamchagua yeye. Ukaomba na pingu!" Sauti ilikuwa imempanda na hakujali kuishusha. "Na bado ukaja na biskuti."

"Aliweka na jiwe?" Rehana aliuliza polepole, kichwa kikiwa bado juu ya mto. Alikuwa akimtazama Asajile kwa mshangao mtupu. "Juu ya asetoni, bosi? Jiwe?"

Asajile alianza kukunja upya mikono ya shati.

"Lugano," Ikupa alisema. "Ufunguo."

Koplo alipiga magoti miguuni pa kitanda. Ufunguo ulimponyoka mara mbili kabla pingu haijafunguka. Rehana aliuvuta mguu wake chini ya blanketi, akaukunja karibu na mwili. Lugano alibaki na pingu mkononi, hajui aipeleke wapi, mpaka Ikupa alipomwonyesha kwa kidevu. Safari hii mikono ilikuwapo, mizima, na ilifungika.

Hapo ndipo mama yake Rehana alipoweka chini kijiko cha uji. Aliinuka, akaichukua chupa ya juisi na pakiti ya biskuti pale juu ya kabati, akamwendea Asajile na kumtazama usoni, yeye ambaye tangu asubuhi hakuwa ametazama uso wa mtu.

"Chukua," alimwambia. "Huko uendako utasikia njaa, na hutapata mtu wa kukulisha kwa kijiko."

Asajile alizipokea kwa mikono yote miwili, maana kwa pingu ile haingeweza kuachana.